Safari ndefu ya pikipiki ukiwa peke yako: maamuzi magumu yafanye nyumbani

Mkiwa watatu barabarani, mmoja akianza kuyumba, aliye nyuma yake anamwona. Anapiga honi, mnaegesha, mnakunywa maji, na hakuna aliyelazimika kukiri kwamba amechoka. Ukiwa peke yako huyo wa nyuma hayupo. Anayepaswa kukuambia usimame ni kichwa kilekile kilichochoka, na kichwa kilichochoka husema "bado kidogo tu" mpaka dakika ya mwisho.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeujenga juu ya jambo moja: kila uamuzi mgumu unaoweza kuufanya ukiwa nyumbani, umekaa kitini na akili imetulia, ufanye hukohuko. Barabarani uende kutekeleza tu.

Hatua ya 1: Panga siku kwa saa, usipange kwa kilomita

Ramani hudanganya kwa sababu huonyesha umbali na kuficha muda. Kilomita 500 za barabara kuu iliyonyooka ni siku ya kawaida. Kilomita 500 za milima, kona na vumbi zinaweza kuwa siku mbili. Anza na saa ambazo uko tayari kuwa juu ya kiti. Kwa wengi, saa 6 hadi 7 za kuendesha zinatosha kabisa, na ukijumlisha mapumziko, mafuta na kupotea njia, siku nzima imeisha. Kisha kadiria mwendo wa wastani kwa unyenyekevu. Hata mahali unapoweza kwenda 100, wastani wako pamoja na vituo mara nyingi utakuwa kama 60 au 70.

Siku ya kwanza iwe fupi kuliko zote. Ndiyo siku ambayo mzigo unagundulika umefungwa vibaya, glavu zinabana na mgongo haujazoea. Baada ya kila siku nne au tano weka siku moja ya kutoendesha kabisa. Na tafadhali, usijifunge kwa tarehe ya kufika. Mtu mwenye miadi kesho asubuhi ataingia kwenye mvua ya usiku ambayo mtu asiye na miadi angeisubiri ipite. Ikibidi uwe na tarehe, acha siku mbili tupu kabla yake.

Mafuta nayo yapigie hesabu mapema. Tangi la lita 15 kwenye pikipiki inayokula lita 4 kwa kilomita 100 lingekupa kilomita 375, lakini upepo wa mbele, mzigo na mwinuko hula zaidi ya hapo. Ichukulie kuwa ni 280, na ukifika nusu ya tangi mahali penye mafuta, jaza. Kama unavuka mipaka, ulizia mapema kila nchi inahitaji nini kwa leseni, bima na chombo chenyewe. Baadhi hudai kitabu maalumu cha forodha cha kuingiza chombo kwa muda, na hicho hutolewa kabla hujaondoka, si mpakani.

Hatua ya 2: Andika masharti yako kwenye karatasi

Chukua karatasi ndogo, andika masharti yasiyozidi sita, ibandike juu ya tangi mahali utakapoiona kila ukisimama. Yangu ni haya:

Saa moja kabla ya jua kuzama nianze kutafuta pa kulala, hata kama bado nina nguvu.
Kila saa moja na nusu nishuke, hata kama sijachoka.
Nikikosea mambo madogo mawili ndani ya nusu saa, nasimama.
Mto nisioweza kuuvuka kwa miguu siuvuki kwa pikipiki.
Nikikasirika, naegesha.

Sharti la tatu limeniokoa kuliko mengine yote. Uchovu hauji na tangazo. Huja kama gia iliyoingia vibaya, indiketa uliyoisahau ikiwaka kilomita nzima, kona uliyoingia kwa upana kidogo kuliko ulivyokusudia. Kosa moja ni bahati mbaya. Mawili yaliyofuatana ni mwili unakuarifu.

Hatua ya 3: Andaa pikipiki wiki mbili kabla, si jana yake

Kosa ninaloliona sana ni pikipiki kutoka gereji jioni na kuondoka alfajiri. Kila kilichofunguliwa kinaweza kufungwa vibaya. Fanya matengenezo wiki mbili kabla, kisha iendeshe kilomita 200 au 300 ukiwa na mzigo wote. Nati iliyolegea iachie karibu na nyumbani.

Anza na matairi, kwa kuwa ndiyo pekee yanayogusa ardhi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2321, tairi hilo ni la wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mpira hukauka na kupoteza mshiko hata kama kashata zake bado ni ndefu, kwa hiyo tairi la miaka mingi lisikuvutie kwa sababu linaonekana jipya. Kina cha kashata kikikaribia milimita 2, usianze nalo safari ndefu. Upepo upime likiwa baridi, asubuhi kabla hujaondoka, kwa sababu tairi la moto huonyesha kipimo cha juu kuliko kilivyo. Fuata kiwango cha mtengenezaji cha pikipiki yenye mzigo, ambacho mara nyingi ni tofauti na cha mtu mmoja asiye na mzigo. Na ukifunga tairi jipya, kilomita 150 za kwanza uende taratibu, uilaze polepole kwenye kona, mpaka uso wa mpira uchubuke na kushika.

Cheni ipakwe mafuta kila kilomita 500 hadi 1,000, na mara nyingi zaidi kukiwa na mvua au vumbi. Ulegevu wake upime ukiwa umefuata kitabu cha pikipiki, maana cheni iliyokazwa mno hukatika na kuharibu beringi, hatari kuliko iliyolegea kidogo. Mafuta ya breki hufyonza unyevu hewani. Kama yana miaka miwili, yabadilishe. Pedi zikibaki nyembamba, zibadilishe hata kama "zingefika". Betri, waya za klachi na gesi, taa zote, beringi za magurudumu: shika kila kimoja kwa mkono wako. Kuangalia tu hakutoshi.

Wengi huuliza pikipiki ipi inafaa. Mwaka 1973 Mfaransa Anne-France Dautheville aliizunguka dunia peke yake kwa Kawasaki ya cc 125. Inayofaa ni ile unayoweza kuinyanyua ikilala na kuitengeneza ikigoma. Jifunze kuziba pancha kabla hujaondoka, kwa mikono yako, na uzibe kweli, si kutazama video. Kama matairi hayana tyubu, beba viziba vya kuingiza kwa sindano na pampu ndogo. Kama yana tyubu, beba tyubu, viraka na vyuma vya kung'olea tairi. Zana nyingine ziwe zile zinazofungua nati zilizopo kwenye pikipiki yako. Zitenge kwa kufanya matengenezo ya mwisho kwa mfuko huohuo utakaoubeba.

Hatua ya 4: Mavazi

Uchambuzi mkubwa wa tafiti za helmeti uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hiyo ni helmeti inayokaa kichwani. Ivae, funga mkanda, kisha jaribu kuivua kwa kuisukuma toka kisogoni kuelekea mbele. Ikitoka, haikufai hata ingekuwa na alama zote. Alama ya kutafuta katika helmeti mpya zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ni ECE 22.06. Iliyowahi kupigwa chini kwa nguvu, iache.

Kwa nguo, kiwango cha Ulaya cha EN 17092 hupanga mavazi kwa madaraja, AAA ikiwa juu, kisha AA, kisha A. Mimi hupendelea AA ninayoivaa kila siku kuliko AAA ninayoifunga nyuma ya kiti kwa sababu ya joto. Buti zifunike kifundo cha mguu, maana mguu hunaswa chini ya pikipiki hata kwenye kuanguka kwa polepole kabisa.

Baridi na joto huua umakini kabla ya kuumiza mwili. Hewa ya nyuzi 10 ukiwa mwendo wa 100 huhisiwa na ngozi iliyo wazi kama nyuzi 4, na vidole vilivyoganda huchelewa kwenye breki. Joto likipita lile la ngozi yako, kufungua koti hakukupozi tena. Upepo wenyewe ni wa moto na unakukausha. Lowesha fulana, funga koti, acha matundu madogo tu, unywe maji kila unaposimama.

Hatua ya 5: Mzigo, na kile kinachokaa mwilini

Vizito viwe chini na karibu na katikati ya pikipiki. Boksi la nyuma lililojazwa vyuma hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, na usukani huanza kutetemeka kwenye mwendo wa kasi. Pakia, kisha punguza theluthi. Karibu kila mtu hurudi na nguo ambazo hakuzigusa.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni hili: ukianguka, wewe na pikipiki mnaweza kuachana. Yeye akateremka bondeni, wewe ukabaki juu na mguu uliovunjika. Kwa hiyo kila unachohitaji ili kuokolewa kikae mwilini mwako, si kwenye mabegi. Simu iwe mfuko wa kifuani wenye zipu. Vivyo hivyo filimbi, mkanda maalumu wa kukaza mkono au mguu unaovuja damu nyingi, na karatasi isiyoingia maji yenye jina lako, kundi la damu, mzio, dawa unazotumia na namba za watu wawili. Weka taarifa hizohizo kwenye sehemu ya dharura ya simu, inayosomeka bila nywila. Mkanda huo jifunze kuufunga kwa mkono mmoja, sebuleni, mara kumi. Mfukoni kusiwe na kitu kigumu juu ya uti wa mgongo au mbavu.

Hatua ya 6: Mteue mtu mmoja wa kukufuatilia

Kutuma picha kwa marafiki thelathini si usalama; kila mmoja atadhani mwingine anajua uliko. Chagua mtu mmoja asiyepaniki na asiyesahau. Mwachie njia ya kila siku, mahali unapotarajia kulala, namba ya pikipiki, rangi ya koti lako na nakala za hati. Kisha mkubaliane kwa maandishi: nikifika natuma ujumbe. Saa fulani ikipita bila ujumbe, nipigie. Saa tatu zaidi zikipita, piga simu nilipotarajia kulala. Baada ya hapo, wapigie polisi wa eneo lile, namba ni hizi. Bila saa kamili, mtu anayekupenda atakaa usiku mzima akijiambia kwamba labda mtandao haupo.

Kama utapita sehemu zisizo na mtandao, tafuta kifaa cha setilaiti. Vipo vinavyotuma na kupokea ujumbe mfupi, ambavyo huhitaji malipo ya kila mwezi, na vipo vya dharura pekee vinavyorusha mawimbi ya 406 MHz kwenda kwa mfumo wa uokoaji wa kimataifa wa Cospas-Sarsat bila ada hiyo. Cha kwanza kina faida moja kubwa kwa msafiri wa peke yake: unaweza kusema "niko salama, nimepata pancha, nitachelewa", na nyumbani wakalala.

Hatua ya 7: Barabarani

Kwenye lami kavu, mwendeshaji anayefunga breki vizuri kutoka mwendo wa 60 huhitaji kama mita 20 ili kusimama. Kutoka 100 huhitaji kama 56. Ongeza sekunde moja ya kushtuka, ambayo kwenye 60 ni mita 17 na kwenye 100 ni mita 28. Jumla ni 37 dhidi ya 84. Mwendo haukuongezeka hata mara mbili, lakini umbali umezidi mara mbili, kwa sababu nguvu ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nikatae usiku. Taa ya mbele ya pikipiki nyingi, ikiwa kwenye mwanga wa chini, humulika vizuri kama mita 50. Hata kwenye 80 unahitaji karibu mita 58 ili kusimama, maana yake ng'ombe utakayemwona, utamwona ukiwa umeshamfikia. Ikibidi kuendesha gizani, mwendo wako upangwe na mwanga, si na kibao cha barabarani.

Mchana, hatari kubwa ni magari yanayokukata njia. Uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles ulioongozwa na Harry Hurt na kuchapishwa 1981 ulikuta kwamba katika ajali zilizohusisha chombo kingine, takriban theluthi mbili zilitokana na dereva wa upande wa pili kuinyima pikipiki haki yake ya njia. Kwenye kila njia panda, tazama gurudumu la mbele la gari linalosubiri. Dereva anaweza kukutazama usoni asikuone, lakini gurudumu likianza kuzunguka limesema ukweli. Punguza gesi, vidole viwe juu ya breki, sogea kidogo ndani ya njia yako, maana kitu kinachosogea upande huonekana haraka kuliko kinachokuja moja kwa moja.

Kwenye kona, maliza kupunguza mwendo kabla ya kuinama, na macho yaende mwisho wa kona. Pikipiki hufuata macho. Ukikodolea shimo, utaingia shimoni. Kona inayopinda kuelekea upande wa magari yanayokuja usikaribie mstari wa katikati; kichwa na bega lako hupita upande wa pili hata kama matairi yako ndani.

Lori linapokukabili, jiandae kwa pigo la upepo na legeza mikono badala ya kukaza. Mvua ikianza baada ya ukame, dakika 15 au 20 za kwanza ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa mafuta na vumbi huelea kabla ya kuoshwa. Kunywa kitu cha moto, subiri. Rangi ya barabarani, mifuniko ya chuma na reli huwa kama sabuni. Vivuke ukiwa wima. Radi ikikaribia, shuka na uingie kwenye jengo; matairi ya mpira hayakukingi.

Hatua ya 8: Uchovu

Niliwahi kupitiwa na usingizi nikiwa kwenye barabara tupu, mchana kweupe. Sikufumba macho kwa muda mrefu, lakini nilipozinduka gurudumu la mbele lilikuwa limeshagusa kokoto za pembeni. Nilikuwa nimebakiza nusu saa kufika. Kwenye mwendo wa 100, sekunde nne za usingizi ni zaidi ya mita 110 zisizo na dereva.

Mwili huzama mara mbili kwa siku: baada ya saa sita za usiku hadi alfajiri, na tena alasiri, kama saa nane hadi saa kumi. Panga mapumziko marefu ya siku yawe alasiri hiyo. Kelele za upepo nazo huchosha bila kujulikana, kwa hiyo vaa viziba masikio. Honi na injini utaendelea kuvisikia. Macho yakianza kuwa mazito, kufungua kioo cha helmeti au kuimba hakusaidii. Kinachosaidia ni kulala. Njia inayonifaa ni kunywa kahawa kisha kulala dakika 15 au 20 hapohapo kivulini. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, ukiamka inakukuta. Ukihitaji kufanya hivyo mara ya pili siku ileile, siku imeisha. Tafuta kitanda.

Hatua ya 9: Pikipiki ikilala, au wewe ukilala

Pikipiki ikianguka bila kukuumiza, usikimbilie kuinyanyua. Aibu na hasira huvunja migongo mingi. Zima injini kwa swichi, ondoka njiani kama magari yanapita, pumua dakika moja. Kama imelala upande wa kulia, toa stendi ya pembeni kwanza na uingize gia. Zungusha usukani hadi mwisho, ili mshikio wa chini usogee karibu na tangi. Ipe pikipiki mgongo, weka makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike mshikio huo, mwingine ushike chuma cha fremu. Mgongo uwe wima, sukuma kwa miguu, ukirudi kinyumenyume kwa hatua fupi. Isiponyanyuka baada ya majaribio mawili, toa mizigo.

Ukiumia, kwanza lala ulipo na ujikague: shingo, vidole vya mikono na miguu, damu. Damu inayomwagika ndiyo ya kushughulikia mara moja, kwa kukandamiza au kwa mkanda. Kisha ita msaada. Katika nchi nyingi simu ya mkononi ikipigiwa 112 huunganishwa na dharura. Akija mtu, mwombe asikuvue helmeti, isipokuwa huwezi kupumua au unatapika ndani yake. Hata ukijisikia mzima, usiendeshe kwa angalau saa moja. Msisimko wa ajali huficha maumivu, nimeona mtu akitembea juu ya kifundo kilichovunjika.

Hatua ya 10: Jioni, kabla ya kuvua buti

Ukifika, kagua pikipiki palepale kungali na mwanga, kabla hujaoga wala kula. Dakika tano: pitisha mkono kwenye matairi kutafuta msumari, tazama chini kama kuna tone la oili, tikisa mabegi na kioo cha pembeni, paka cheni mafuta ingali ya moto. Kilichoharibika utakijua jioni, duka likiwa bado wazi. Tazama njia ya kesho na hali ya hewa, andika saa ya kuondoka na mahali pa mwisho pa mafuta. Kisha mtumie mtu wako ujumbe: nimefika, nalala hapa, kesho naelekea kule, usipopata neno langu kufikia saa fulani, anza kunitafuta.